Ukuta wa mawe ya Nakuru ukianza kuugua: soma dalili kabla ya kubomoa

Kila mwaka mvua ndefu zikishika, simu za wenye nyumba za mawe huanza kuingia. Huyu ana unga mweupe ukutani sebuleni, yule plasta imebanduka nyuma ya kabati, mwingine jiwe la pembeni linamomonyoka kama mkate uliochovywa kwenye chai. Na karibu wote wameshatoa hukumu: niliuziwa mawe mabovu.

Nimejenga na kukarabati kuta za mawe hapa Nakuru na kule Kisumu kwa miaka mingi, na inaniuma kuona familia ikibomoa ukuta mzima kwa kosa ambalo jiwe halikulifanya. Mawe mabovu yapo, na nitayafikia. Lakini mbele ya ukuta mgonjwa swali langu la kwanza huwa hili: maji yameingilia wapi, na yanatafuta kutokea wapi? Ukipata jibu la hilo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Kwanza ulijue jiwe lenyewe

Wengi huliita jiwe la mchanga, kwa kuwa ukilikwaruza kwa msumari linatoa chembechembe. Jiwe la mchanga halisi ni mchanga wa mto, bahari au jangwa uliogandamana kwa muda mrefu. Hili letu ni jivu. Menengai iliyo juu ya mji wetu, yenye shimo la karibu kilomita 12 kwa 8, pamoja na milima mingine ya moto ya Bonde la Ufa, ilirusha jivu, vipande vya miamba na povu la mwamba ulioyeyuka. Vyote vikatua, vikarundikana, vikashikana. Chunguza uso wa jiwe lililokatwa kwa mashine utaona madoa mepesi yenye vitundu vidogo. Ni lile lile jiwe la kusugulia visigino linalouzwa sokoni.

Vitundu hivyo ndivyo uzuri na udhaifu wake. Kwa ajili yake jiwe ni jepesi, mashine inalikata kwa urahisi, na nyumba haipati joto jingi mchana. Kwa ajili yake pia jiwe hunywa maji. Likinywa huvimba kidogo sana, likikauka hunywea. Likitoka machimboni huwa na unyevu wa ardhini na ni laini. Likipigwa na upepo wiki kadhaa huwa gumu zaidi. Jiwe linalokunywa si tatizo mradi linaweza kukauka. Shida huanza tunapoliziba.

Unga mweupe juu ya jiwe au plasta

Huu ndio unaotisha watu kuliko dhara lake. Ni chumvi. Maji yaliyo ndani ya ukuta huyeyusha chumvi iliyomo kwenye simiti, mchanga, udongo au jiwe, huisafirisha hadi juu, kisha maji hupaa na kuiacha chumvi palepale.

Chukua unga kidogo uutie kwenye kikombe cha maji safi. Ukiyeyuka wote, ni chumvi. Ukibaki chini kama chaki, ni chokaa iliyotoka kwenye simiti. Hiyo inachafua ukuta lakini hailidhuru jiwe.

Baada ya hapo uliza umri wa ukuta. Nyumba iliyojengwa mwaka huu ikitoa unga mara ya kwanza inapokauka, usihangaike. Fagia kwa brashi kavu, kusanya unga, utupe mbali. Usiuoshe kwa maji, maana utairudisha chumvi ndani na wiki ijayo utaikuta tena. Usipake rangi mpaka unga uache kurudi.

Ukuta wa miaka mingi unaotoa unga kila msimu wa mvua, kwenye kimo kilekile, una maji yanayoulisha kila mwaka. Soma sehemu inayofuata.

Kuna chanzo kimoja ambacho mafundi wengi hapa hawakiwazii: maji ya kisima. Visima vingi virefu vya Bonde la Ufa vina maji ya magadi na floridi nyingi. Ndiyo maana watoto waliolelewa nayo wana meno ya kahawia. Ukikoroga mota ya kushikanisha mawe kwa maji hayo, kisha ukamwagilia ukuta kwa maji hayo hayo siku saba, umeupaka chumvi kwa mikono yako. Maji yakiwa na utelezi kama wa sabuni ukiyasugua vidoleni, au sufuria ikibaki na utando mweupe kila ukichemsha, yaache ya mifugo na choo. Jengea maji ya mvua au ya mfereji.

Mawe ya chini yanamomonyoka, hadi usawa wa goti

Ugonjwa huu ndio mkubwa kwetu, na ndio unaotibiwa vibaya zaidi.

Mwaka mmoja mama fulani wa upande wa Lanet aliniita akiwa tayari ameagiza lori la mawe mapya. Ukuta wa mbele wa nyumba yake, uliosimama salama zaidi ya miaka kumi, ulikuwa umeanza kutoa unga na kuvuja mchanga chini ya madirisha. Nilizunguka nyumba mara mbili kabla ya kusema lolote.

"Mama, hii kabro iliwekwa lini?"

"Mwaka juzi, mwanangu, kabla ya harusi ya mtoto. Mbona unaniuliza kabro, nami nimekuitia ukuta?"

Nilichukua tindo nikachimbua kando ya ukuta hadi nikaipata dipisi, ile karatasi nyeusi inayotandazwa juu ya msingi kuzuia unyevu wa ardhi usipande. Ilikuwa inchi mbili chini ya uso wa kabro, yale matofali ya zege yaliyotandazwa uani. Waliotandaza kabro walijaza vumbi la kokoto mpaka juu yake, na mvua ikapata njia ya kuingia kwenye jiwe juu ya kizuizi. Kizuizi kilikuwa kizima, ila kilikuwa kimezikwa.

Dipisi inatakiwa kukaa angalau inchi 6 juu ya ardhi ya nje. Kwa hiyo kabla ya kulilaumu jiwe, tafuta kilichopandisha ardhi: kabro, zege la njia ya gari, bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani, rundo la mchanga uliobaki kwenye mjengo na kusahauliwa. Maua nayapenda, lakini bustani inayonyweshwa kila jioni huku imeegemea jiwe letu ni sawa na kuuweka ukuta kwenye beseni.

Kwa yule mama tulirudisha lori la mawe. Tuling'oa kabro upana wa futi moja kuzunguka nyumba, tukachimba hadi chini ya dipisi, tukajaza kokoto safi zenye mwinamo wa kupeleka maji kwenye mtaro. Kisha tukasubiri. Hapo ndipo wateja wengi wananikasirikia, kwa kuwa wanataka plasta wiki hiyo hiyo. Ukuta wa inchi 9 uliolowa misimu minne haukauki kwa wiki. Tuliuacha Desemba hadi mwisho wa Februari, tukifagia chumvi kila ilipotokea, ndipo tukayabadilisha mawe saba yaliyokuwa yamekwisha kabisa. Mawe saba tu, kati ya lori zima lililokuwa limeagizwa.

Kama nyumba haina dipisi kabisa, na zipo nyingi za zamani, mtaro wa kokoto bado ni hatua ya kwanza, maana unapunguza maji kabla hayajafika kwenye jiwe. Kukata ukuta vipande vipande na kupenyeza karatasi mpya kunawezekana lakini ni kazi ya hatari, mwite mhandisi.

Jiwe limerudi ndani, simiti ya viungo imebaki imetokeza

Pita mitaa ya zamani ya Nakuru utaona kuta ambazo mistari ya simiti imesimama nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na mawe katikati yameliwa. Mtu husema: tazama simiti ilivyo imara kuliko jiwe! Ndiyo, na ndiyo iliyoliua.

Mota ya simiti moja kwa mchanga mitatu ni ngumu na haipitishi maji kwa urahisi. Maji yaliyo ukutani yakikuta viungo vimezibwa, yanatokea kupitia usoni mwa jiwe. Chumvi inabaki huko, inageuka fuwele ndani ya vile vitundu, fuwele zinakua, zinasukuma, chembe za jiwe zinaanguka. Kiungo kinatakiwa kuwa laini kuliko jiwe ili maji yapitie hapo, na kikichakaa baada ya miaka mingi unabadilisha kiungo, jiwe linabaki.

Tiba: chimbua viungo vya zamani kwa tindo na nyundo, kina cha inchi moja hivi. Usitumie grainda kama mkono wako hauna uzoefu; inaruka na kukata jiwe, na vumbi lake ni baya kwa mapafu, hivyo vaa barakoa. Piga brashi, lowesha, kisha jaza kwa mota ya simiti moja, chokaa moja, mchanga sita. Kwa jiwe laini sana mimi hushuka hadi simiti moja, chokaa mbili, mchanga tisa. Mafundi vijana husikia kipimo hicho wakadhani nawaibia mteja simiti. Kijana wangu, jaribu kwenye mita moja ya ukuta, urudi baada ya mvua mbili, halafu tuzungumze.

Kuhusu chokaa, angalizo. Chokaa ya kujengea ni ile iliyochomwa na kuzimwa. Huchomwa hata hapa magharibi, huko Koru katika kaunti ya Kisumu. Chokaa ya shamba mara nyingi ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa, na haishiki kitu. Magunia yanafanana na duka la pembejeo halitakuuliza unaenda kufanyia nini. Soma gunia.

Na kama unadhani jivu ni kitu dhaifu, kumbuka kwamba jivu la volkeno likisagwa na kuchanganywa na chokaa na maji hushikana na kuwa gumu. Warumi walijengea hilo. Hata simiti ya daraja la nguvu la 32.5 inayouzwa madukani kwetu kwa kawaida ina jivu la volkeno ndani yake. Ndiyo maana inapata nguvu polepole, na ndiyo maana anayeacha kumwagilia siku ya tatu anajidhulumu.

Jiwe linabanduka magamba

Hapa kuna visababishi viwili vinavyofanana kwa macho.

Cha kwanza ni vanishi. Mtu anajenga ukuta mzuri wa mawe ya kuonekana, anapiga viungo vyeusi, halafu anaupaka vanishi ung'ae. Mwaka wa kwanza unang'aa. Wa pili unaona ukungu mweupe chini ya vanishi, wa tatu vanishi inabanduka na ngozi ya jiwe imeganda nyuma yake. Bandua kipande ukigeuze: kikiwa na utando unaong'aa upande mmoja na unga upande wa pili, umempata mhalifu. Dawa ni kuiondoa yote kwa dawa ya kutolea rangi na brashi ya nailoni, kamwe si brashi ya waya, kisha kuuacha ukuta wazi. Jiwe letu lina rangi nzuri bila kupakwa kitu.

Cha pili ni ulalo. Jivu lilipotua lilijipanga tabaka juu ya tabaka, na katika machimbo mengine uzito na joto vililisukuma likawa bapa. Jiwe linatakiwa kulala ukutani jinsi lilivyolala ardhini, tabaka zikiwa kama kurasa za kitabu kilicholazwa mezani. Ukilisimamisha, kurasa zinatazama nje na mvua inazifungua moja moja. Wachongaji wa zamani waliijua hii kwa mkono, kwa jinsi tindo ilivyozama. Mashine inakata pande zote sawa na kuificha. Tazama yale madoa ya povu: yakiwa yamebanwa marefu kama mbegu za tikiti, urefu wake ndio mwelekeo wa tabaka. Yalaze. Yakiwa ya mviringo tu, jiwe hilo halina ulalo wa kukutisha, liweke utakavyo.

Jiwe lililosimamishwa tayari na linabanduka haliponi kwa kupakwa simiti usoni. Likiwa moja au mawili, yatoe, weka mengine ya machimbo yaleyale ikiwezekana, ili yanywe maji sawa na jirani zake.

Plasta inalia kama debe

Gonga kwa shilingi au kwa mpini wa mwiko, ukisogea kidogo kidogo. Sauti nzito ni nzima. Inayolia tupu imeachana na ukuta. Chora mpaka wake kwa chaki.

Mara nyingi chanzo ni vumbi. Mashine inapokata jiwe huacha utando laini wa unga juu yake, na fundi akipaka plasta bila kuosha, anaipaka kwenye vumbi. Chanzo cha pili ni kiu ya jiwe: ukuta haukuloweshwa, jiwe likanyonya maji ya plasta kabla simiti haijashika, na nyuma ya plasta kukabaki mchanga mtupu. Cha tatu ni plasta yenye simiti nyingi mno, ambayo hunywea na kujivuta yenyewe.

Toa sehemu inayolia peke yake. Osha ukuta kwa brashi, chokonoa viungo, lowesha jioni na tena asubuhi kwa kunyunyiza. Rushia kwanza mota nyepesi ya simiti moja kwa mchanga mbili, iwe na uso mkwaruzo kama mgongo wa mamba, iache siku mbili ikimwagiliwa, ndipo upake plasta ya moja kwa tano. Plasta ikilia chini tu, hadi goti, rudi kwenye habari ya kabro.

Mota inatoka kwa kidole

Ukiweza kuikwangua mota ya ukuta mpya kwa kucha, jiwe lilijengwa likiwa na kiu. Jiwe letu likikaa juani wiki tatu linakauka kama mkaa, na likilazwa juu ya mota linavuta maji yote kabla simiti haijafanya kazi yake. Mawe huloweshwa kabla ya kujengwa, lakini hayatumbukizwi kwenye pipa yakalala humo. Yalowe uso, si tumbo. Jaribio langu: nyunyizia maji, yakizama papo hapo, bado. Yakikaa kidogo yaking'aa ndipo yazame, lipo tayari.

Kosa la kinyume ni kujenga na mawe yaliyotoka machimboni asubuhi hiyo, bado yana jasho la ardhi. Yatakapokauka yakiwa ukutani yatanywea, na utaona nyufa nyembamba kama unywele zikifuata viungo vya wima. Hizo si za kuogopesha. Subiri msimu mzima wa kiangazi, kisha zijaze mara moja. Wanaozijaza kila mwezi wanazijaza kila mwezi.

Nyufa zinazopanda kama ngazi

Sasa hizi ni za kuogopa. Ufa unaopanda kiungo kwa kiungo kutoka kwenye kona, mpana juu kuliko chini, ni msingi unaokwenda. Jiwe halihusiki hata kidogo.

Udongo wa Nakuru mahali pengi ni jivu lililolegea. Likiwa kavu linabeba nyumba bila shida. Likilowa ghafla linajikunja na kushuka. Uliza yafuatayo ukiwa umesimama kwenye ile kona: gata inamwaga wapi? Shimo la maji machafu liko hatua ngapi? Bomba la tangi linavuja? Karibu kila mara nilipokuta ufa wa ngazi hapa mjini, ndani ya mita chache kulikuwa na maji yanayozama mahali pamoja. Bonde la Ufa lina mipasuko ya zamani iliyojazwa jivu, na mvua kubwa huweza kuyasomba hayo majivu. Machi 2018 ufa mkubwa ulikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok baada ya mvua nyingi. Nyumba yako ikiwa kwenye mstari wa mashimo yanayojitokeza shambani kila mvua, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa miamba, mwashi hana dawa yake.

Kisumu hali ni nyingine. Uwanda wa Kano una udongo mweusi unaonata, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Hapo ufa hufunguka na kufumba kwa misimu. Namna ya kutofautisha ni rahisi: chora mstari wa penseli kuvuka ufa, andika tarehe na upana, bandika kipande chembamba cha kioo kwa simiti kuvuka ufa huo. Kioo kikivunjika ndani ya miezi miwili, ufa unatembea. Kikikaa mwaka mzima, jambo lilikwisha zamani na unaweza kuziba.

Ufa unaotembea usiuzibe. Ondoa maji kwanza: gata yenye bomba hadi mbali, angalau mita tatu kutoka ukutani, mtaro wenye mwinamo, shimo la maji machafu lihamishwe. Ukipanuka hata baada ya hapo, au ukiweza kuingiza kidole, ita mhandisi na uwaondoe watoto kwenye chumba hicho.

Tofautisha na ufa unaoanzia kona ya dirisha kwenda juu kwa mshazari. Huo kwa kawaida ni linta fupi, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Linta iingie ukutani angalau inchi 6 kila upande. Nimefungua nyingi zilizoingia mbili.

Madoa yanayoshuka kutoka juu

Zamani ugonjwa huu haukuwepo kwa wingi. Umeletwa na mtindo wa kuficha paa, ambapo ukuta unapanda kupita mabati ili nyumba ionekane sanduku. Juu ya ukuta huo jiwe limelazwa wazi, limepakwa plasta kidogo na rangi. Mvua yote ya juu inaingia moja kwa moja kwenye jiwe linalokunywa, halafu gata iliyofichwa nyuma yake inaziba kwa majani na kufurika ndani. Madoa ya kahawia na kijani yanashuka, rangi inafanya malengelenge, na mwenye nyumba ananiuliza kama ni jiwe.

Weka kifuniko cha zege au bati juu ya ukuta huo, kiwe na mwinamo, kitokeze inchi mbili kila upande, na chini yake kiwe na mfuo mwembamba ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani. Safisha gata kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba. Anayejenga sasa namsihi: achia paa litokeze futi mbili nje ya ukuta. Hakuna rangi wala dawa niliyoiona ikilinda jiwe la Nakuru kuliko paa lililotokeza.

Ukuta wa jiwe gumu wa Kisumu na Maragoli

Kwa haya mawe magumu, geuza nusu ya niliyosema. Mwamba ule unaouona ukisimama Kit Mikayi, au majabali ya Maragoli, haunywi maji kama jivu letu. Ukiulowesha kabla ya kujenga, jiwe linaelea juu ya mota na kozi, yaani safu ya mawe, inateleza. Ujenge ukiwa mkavu, mota nzito, na kozi chache kwa siku. Ukivuja, chanzo ni kiungo, kamwe si jiwe.

Na kwa anayeamini ukuta hausimami bila simiti nyingi, asafiri hadi Thimlich Ohinga, Migori. Zile kuta za mawe ya kukusanywa hazina mota hata kijiko. Zina unene wa mita moja hadi tatu, mahali pengine zinafika mita 4.5 kwenda juu, na zimekuwapo tangu karne ya 16. UNESCO iliziorodhesha mwaka 2018. Kila jiwe limekalia mawili, na mvua inapita katikati na kutoka. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mikono nyuma kama mwanafunzi.

Na kama kweli jiwe ni bovu

Jiwe bovu humomonyoka popote, hata chini ya paa, hata mahali pakavu, na jirani yake wa lori jingine akiwa mzima. Likiwa hivyo, litoe; hakuna dawa ya kulipaka.

Afadhali ulikatae machimboni. Mawe huuzwa kwa futi na lori hujazwa haraka, kwa hiyo fika mapema na usikubali kuchaguliwa. Gonga kwa nyundo: zuri linalia, bovu linanyamaza. Kwaruza kwa msumari. Mstari mwembamba ni sawa, mfereji si sawa. Kataa lenye mishipa ya udongo mwekundu au madoa ya povu makubwa kuliko yai. Kisha chukua vipande vitatu vilivyovunjika, kutoka pembe tofauti za machimbo, nenda navyo nyumbani. Vikaushe juani siku nne, vipime kwa mizani ya duka, vilaze kwenye ndoo ya maji usiku kucha, vipime tena. Kipande cha kilo 5 kikitoka na kilo 6 kimekunywa sehemu moja ya tano ya uzito wake. Mimi hicho sikiweki kwenye msingi wala kozi mbili za kwanza, ingawa juu, chini ya paa refu, kinafaa. Kirudishe juani, kisha majini, mara tano. Maji ya ndoo yakiwa na tope chini asubuhi ya sita, mpigie mwenye machimbo kabla lori halijaondoka.